Karakana Kwenye Banda la Kuku

Sekela mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda Mbezi kununua ndoo, shuka, na lile blanketi zito ambalo anasema huwezi kuishi Moshi bila kuwa nalo. Mmeniacha nilinde nyumba. Nyumba haina shida ya kulindwa, kwa hiyo nimekuja kukaa huku karakanani, kwenye stuli yako, nimefuta vumbi la msasa mezani kwa kiganja na kuanza kuandika. Ni saa tisa alasiri. Basi lako ni kesho asubuhi, na najijua: pale stendi nitazungumzia zipu ya begi na chupa ya maji mpaka basi liondoke.

Mambo ya kula, kulala, kusali na kupiga simu atakwambia mama yako, na ameshaanza tangu Jumatatu. Mie naandika yale ambayo sijawahi kukwambia. Mengine unayajua kwa upande wako. Huu ni upande wangu.

Naanza na ile ndege niliyoichoma.

Ulikuwa darasa la sita. Nilirudi kutoka kazini jioni, jua bado lipo, nikakukuta uani umepiga magoti, mkononi una ndege yenye mabawa marefu kama mkono wangu. Unajua kazi yangu ilikuwa nini miaka yote ile: mtunza kumbukumbu, mtu wa mafaili. Rangi ya jalada la faili naijua hata kwa mbali. Mabawa yale yalikuwa ya kaki, na chini ya bawa la kushoto niliona mwandiko wangu mwenyewe, herufi kubwa, KIWANJA. Lilikuwa jalada la karatasi za kiwanja chetu hiki cha Kibamba. Mkataba, barua ya serikali ya mtaa, ramani, kila kitu tulichokuwa nacho kuthibitisha kwamba tunapolala ni petu.

Sikukuuliza neno. Ulifungua mdomo, ukasema, "Baba, karatasi..." nikakukatisha. Nilikunyang'anya ile ndege, nikaenda nayo mpaka kwenye shimo la taka ambako mama yako alikuwa anachoma majani, nikaitupia humo. Hukulia. Ulisimama ukaitazama mpaka mabawa yakakunjamana, kisha ukaenda kuosha vyombo.

Kesho yake ulipokwenda shule nilifungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Karatasi zote zilikuwemo. Ulikuwa umezifunga kwa utepe, umezipanga kwa mfuatano wa miaka, ya kwanza chini, ya mwisho juu. Mie, ambaye nililipwa mshahara kwa kupanga karatasi za watu, za kwangu sikuwahi kuzipanga. Ulichotaka kuniambia jana yake ni kwamba karatasi zipo.

Nilifunga sanduku, nikaenda kazini. Jioni niliporudi sikusema kitu, wala siku iliyofuata. Nilijiambia baba hamwombi mtoto msamaha, nilijiambia utasahau. Sekela, nilikukosea. Naandika hivi kwa sababu mdomo wangu haujawahi kulitamka: nilikukosea, nisamehe. Kuchoma kulichukua dakika moja. Kunyamaza kulichukua karibu mwaka mzima, na nadhani ni huko kunyamaza ndiko kulikokuumiza zaidi. Mwaka ule hukutengeneza chochote. Ulikuwa unanisalimia vizuri, unaniletea maji ya kunawa, unajibu nikikuuliza. Ilikuwa kama kuishi na mgeni mwenye adabu.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui. Kama mwezi mmoja baada ya siku ile nilikuwa nazoa jivu kwenye lile shimo, nikaona kitu kidogo kimebaki pembeni, hakikuungua. Kilikuwa kipande cha boksi, kirefu kama kidole changu cha kati, kimechongwa kama tone la maji lililolala: mgongo unapanda taratibu, kisha unateremka mpaka unaishia kwenye ncha. Katikati kilikuwa na matundu matatu ya duara, kubwa, la kati na dogo. Nikafukua tena. Nikapata cha pili, nikapata cha tatu. Vilikuwa na umbo lile lile, ila kila kimoja kidogo kuliko mwenzake kwa unene wa ukucha.

Nilichuchumaa pale kwenye jivu na suruali yangu ya kazini. Nilivipanga juu ya kiganja, kikubwa mpaka kidogo, nikaona namna bawa lilivyokuwa linapungua kuelekea nchani. Hii ilikuwa mifupa ya ndani, ambayo ukishafunika bawa hakuna mtu atakayeiona tena. Mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa wembe na mfuniko wa kalamu, alikuwa amekata matundu ndani ya kitu kisichoonekana ili kiwe chepesi zaidi, na ameyakata vizuri kama ya nje. Nilikuwa nimechoma kitu ambacho hata jina la sehemu zake sikulijua.

Nilivitia mfukoni. Kwa wiki nzima nilikaa navyo ofisini kwenye droo, nikawa navitoa wakati wa chai na kuvitazama. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni mbavu za ndege. Akaniuliza, "Ndege gani ana mbavu za boksi?" Nikafunga droo.

Ndipo nikaamua kuligeuza banda la kuku kuwa karakana. Unakumbuka wale kuku wa nyama walikufa wote wiki moja kwa kideri, na banda likabaki na mfagio na ndoo iliyotoboka. Nililisugua kwa sabuni na dawa mara tatu, nikapaka chokaa, nikakaa nje nikisubiri harufu iondoke, ikakataa, nikapaka tena. Nyavu nikaziziba kwa mbao upande ule upepo unakotokea, nikaacha upande wa kusini wazi upate mwanga usio na jua kali. Hayo yote nilikuwa nakisia. Nilichokuwa na hakika nacho ni meza, maana nilisoma mahali kwamba bawa likijengwa juu ya meza iliyopinda, nalo linapinda. Basi nikachukua ule mlango mzito wa zamani wa chumba cha mbele, nikaulaza juu ya magogo, nikawa naweka juu yake chupa ya maji nusu, natazama maji yanaegemea wapi, naingiza vipande vya kadi ya harusi juu ya gogo mpaka maji yakatulia sawa. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi nzima.

Mama yako alinikuta nimepiga magoti, jicho moja limefumbwa, natazama chupa. "Baba Sekela, unataka kufuga nini tena?"

"Ndege."

Akacheka sana. Alidhani njiwa.

Nilifunga jiliwa la kubania mbao pembeni mwa meza, nikapigilia misumari ukutani ya kutundika msumeno mdogo, koleo, rula ya chuma na bisibisi, nikachora kila kifaa kwa penseli ili kirudi mahali pake. Hiyo ni tabia ya mtu wa mafaili, nisamehe. Nikaweka makopo ya msasa, mkali hadi laini. Kisha nikakaa nikakusubiri, nawe hukuja. Ulikuwa unapita kwenda bombani, macho mbele. Na mie, badala ya kukuita, nikaona aibu.

Kwa hiyo nikaanza kutengeneza ndege peke yangu.

Sijui kama uliwahi kujiuliza kwa nini. Sikuwa na mpango wa kukuvuta. Nilitaka kujua ulichokuwa unakijua. Nilikumbuka kule kwetu Tukuyu babu yako alivyonifundisha kupasua mianzi ya kujengea, jinsi kisu kinavyoingia juu na wewe unaufuata mwanzi unavyotaka mwenyewe, huulazimishi. Nikapata mianzi, nikapasua fito nyembamba kama kijiti cha mshikaki, nikazikunja juu ya moto wa mshumaa. Nikakata maboksi meupe wanayofungashia samaki. Nikatengeneza ndege ya kwanza, nikaipeleka nyuma ya nyumba, nikairusha. Ikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jirani. Ya pili ilipinduka na kuanguka chali. Ya tatu sikuwahi kuirusha, kwa sababu siku nilipokuwa namalizia mkia nilisikia mtu amesimama mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Ukaitazama ile ndege. Kisha ukasema, "Hiyo nayo itaanguka."

"Kwa nini?"

"Uzito uko mkiani."

Ukaingia hatua mbili, ukainyanyua ile ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Ikakaa vidoleni pako, kisha mkia ukashuka polepole, pua ikatazama dari.

"Unaona? Inatakiwa pua ndo ishuke, kidogo tu. Na gundi umemwaga, baba. Gundi nayo ina uzito."

"Basi nionyeshe."

Ukaitazama meza, ukaupitisha mkono juu yake. Ukaikuta chupa ya maji, ukaiweka katikati, ukainama ukautazama uso wa maji. Ukasema, "Imekaa sawa," ukavuta stuli.

Mwanangu, nimepewa barua za pongezi mbili katika maisha yangu ya kazi, moja yenye mhuri wa mkurugenzi. Hakuna iliyoniingia kama yale maneno mawili.

Miaka iliyofuata unaijua vizuri kuliko mie. Nilikuwa msaidizi wako. Nilikuwa mtu wa kushikilia. "Baba shikilia hapa, usipumue." Fukusi walipotoboa mianzi yote ikawa inatoa unga mweupe, nilikwambia kule kwetu mianzi ilikaa juu ya jiko miezi mizima na moshi ndio uliokuwa dawa yake, na wewe ukazitundika fito jikoni kwa mama yako, akagomba wiki mbili kwamba chakula kinadondokewa masizi. Bamdogo Amba ndiye aliyeleta rimoti. Alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza simu, na watu walikuwa wanamletea vile vidrone vya watoto vilivyokufa. Akawa anavipasua, anatoa mota na betri, anakuja navyo kwenye mfuko wa kaki. "Mtoto wa kaka, leo nimekuletea moyo," alikuwaga anasema, mnacheka wote wawili.

Na ile asubuhi ya kilimani. Nataka kuiandika, kwa sababu hatujawahi kuizungumza, tulirudi nyumbani kila mtu yuko kimya.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne hivi, pale juu ya kilima ng'ambo ya bonde kabla hapajajengwa. Ulikuwa kidato cha pili. Ndege ilikuwa nyeupe, mabawa marefu membamba, umeyafunika kwa karatasi nyepesi ya kufungia maua na kuipaka gundi ya majimaji mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Ulinipa mie niirushe. Ukaniambia, "Usiitupe kama jiwe, baba. Tembea nayo, halafu iachie."

Nilitembea nayo. Nilihisi, kabla sijaiachia, kwamba imeacha kuwa na uzito. Kama hatua mbili hivi ilikuwa mkononi mwangu lakini sikuwa nimeibeba. Nikafungua vidole.

Ikapanda. Mota ikalia kama nyuki, ikapanda mpaka ikawa ndogo kama kiganja, na hapo ukaizima mota. Nilishtuka nikasema, "Imezimika!" Bamdogo akasema, "Mwache." Pakawa kimya. Kule mbali juu ya mabati ya nyumba mpya alikuwepo mwewe, anazunguka bila kupiga bawa hata mara moja. Ukaipeleka ndege kule, taratibu, mpaka ikawa chini yake, ukaanza kuizungusha kama anavyozunguka yeye. Na Sekela, ikaanza kupanda. Bila mota, bila kitu. Mwewe anazunguka, ndege yako inazunguka, vyote vinapanda pamoja, kile kiumbe cha Mungu na kile kitu cha mwanzi na karatasi tulichokijenga kwenye banda la kuku.

Nikakuuliza, "Inapandaje?"

Ukajibu kwa sauti ya chini, bila kutoa macho juu, "Mabati yamepata jua, hewa ya moto inapanda. Siwezi kuiona. Mwewe ndo anaijua iko wapi, mie namfuata."

Bamdogo alivua kofia. Nilimwona. Alisimama na kofia kifuani kama yuko msibani au kanisani. Na mie nilikuwa nakutazama, nikawaza: huyu mtoto anazungumza na kitu ambacho hakionekani, nacho kinamjibu. Nilikuwa baba yako kwa miaka kumi na mitano na sikuwa nimekufahamu.

Hapo ndipo kosa langu la pili lilipozaliwa. Furaha ilinipanda kichwani. Tangu siku ile nilianza kuwaambia watu kwamba mwanangu atakuwa mhandisi wa ndege. Niliwaambia ofisini, niliwaambia kanisani, niliwaandikia ndugu Tukuyu. Wewe hukuwa umesema hivyo hata siku moja. Ulikuwa unasikia, unainamisha kichwa, unaendelea kupiga msasa, na mie nikadhani kuinamisha kichwa ni kukubali.

Kisha bamdogo akapata ile ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Morogoro, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alipopata mguu wa bandia sote tulishukuru Mungu, tukaona yamekwisha. Wewe ndiye uliyeona kwamba hayajaisha. Ulimtazama akitembea kutoka getini mpaka sebuleni, jasho linamtoka, ukamuuliza, "Bamdogo, mguu unakuchosha wapi?" Akasema, "Paja. Nauvuta kama gogo."

Ukaangalia chini. Alikuwa ameuvalisha buti lile zito la kazini, kwa sababu alitaka aonekane na viatu viwili vinavyofanana. Ukamvua buti, ukapima kisigino chake kwa rula ya chuma, ukatafuta raba nyepesi yenye kisigino cha kimo kile kile, maana ulisema kimo kikibadilika goti litaumia. Akavaa. Akaenda getini akarudi. Akaenda tena. Akasimama katikati ya uwanja akaniangalia mie, siyo wewe, akasema, "Kaka, huyu mtoto wako ni nani?"

Ulimweleza kwamba uzito ukiwa mbali, mwishoni, ndio unaochosha, iwe mkia wa ndege au kiatu. Nilisikia nikafurahi, nikaona ni mfano mzuri wa mhandisi wa ndege. Ndivyo nilivyokuwa kipofu.

Baadaye ulimsindikiza hospitali kurekebishiwa mguu, ukarudi na uso ambao sikuujua. Ukasema, "Baba, wana karakana. Ni kama ya kwetu. Kuna jiliwa, kuna msasa, vumbi jeupe kila mahali. Kuna mzee anapiga msasa mguu wa mtoto mdogo, anaupapasa kwa kidole gumba, anapiga tena." Nilisema, "Vizuri," nikaendelea na gazeti.

Ulipomaliza kidato cha sita ukaniletea fomu. Nilisoma jina la kozi mara mbili. Utengenezaji wa viungo bandia. Unakumbuka nilichosema. Natamani usingekumbuka. Nilisema, "Mie sikujenga karakana ili ukatengeneze magongo ya vilema."

Bamdogo alikuwa amekaa barazani, mlango uko wazi. Tulisikia akiweka kikombe chini, kisha tukasikia hatua zake mpaka getini, moja na nyingine, moja na nyingine. Wewe ulichukua fomu yako mezani ukaikunja. Ulinitazama kama ulivyolitazama lile shimo.

Kilichofuata hukijui, maana nilitoka peke yangu. Kesho yake baada ya ibada nilikwenda kwa bamdogo wako. Nilimkuta amekaa kitandani, mguu ameuvua, umeegemea ukuta.

"Karibu kaka. Kaa."

"Amba, jana nilisema..."

"Nilisikia. Kilichokatwa ni mguu, masikio ninayo."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akaunyanyua ule mguu, akaniwekea mapajani. "Ushike."

"Amba..."

"Miaka miwili, kaka. Hujawahi kuugusa. Kila ukija unaangaliaga dirishani mpaka niuvae. Ushike."

Nikaushika. Nilikuwa najua uzito wa kila bawa lililotoka kwenye meza hii, lakini mguu wa mdogo wangu sikuwa najua uzito wake. Niliingiza mkono ndani, pale kigutu kinapokaa. Sikuwa nimefikiria kwamba ndani kuna umbo. Nilidhani ni ndoo tu, mtu anatumbukiza mguu. Lakini vidole vyangu vilikuta bonde hapa, kimlima pale, mahali palipoinuliwa kubeba uzito na mahali palipochimbwa ili mfupa usiguse. Mtu alikuwa amekaa na mwili wa mdogo wangu, akausoma wote, akauchonga kwa ndani, mahali ambapo hakuna atakayeona. Nilijua nimewahi kushika kazi ya namna hiyo. Nililia, Sekela. Kaka yake mkubwa mwenye mvi, nililia mpaka akanipa kile kitambaa anachofutia skrini za simu.

Akaniambia, "Aliyeutengeneza huu hata jina lake silijui. Ila kila asubuhi nikisimama namshukuru. Mwanao anataka kuwa mtu huyo. Wewe unaona aibu ya nini?"

"Ya kwangu," nikamjibu.

"Basi hiyo iache hapa hapa kwangu. Nenda kasaini fomu."

Ndiyo maana ulinikuta nimekaa mezani na kalamu, fomu uliyoikunja nimeichukua nikainyoosha kwa pasi. Ulidhani mama yako amenisema. Hata hakujua.

Huko chuoni uendako utakutana na watu wanaojua zaidi yako, na utakutana na watu kama mie, wenye sauti kubwa na macho mafupi. Utakosea pia, maana kazi yenyewe ni ya miili ya watu na mwili haukai kimya kama mwanzi. Ukikosea, rudi kwa mtu mapema. Mie nimesubiri miaka mpaka barua hii, na sitaki urithi hilo kutoka kwangu. Na siku ukiona hiyo kazi siyo yako tena, njoo uniambie, nitasikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Hilo angalau nimejifunza.

Nimalizie na jambo la jana, kisha nikachemshe chai.

Jana mchana uliniita humu, ukaniambia, "Kaa juu ya meza, baba, vua viatu, nataka kufanya mazoezi." Nikapanda, mzee wa miaka hamsini na minane, miguu inaning'inia kama mtoto. Ukachukua futi ya fundi cherehani, ukaanza kunipima. Nyonga mpaka goti, goti mpaka kifundo, unapapasa mfupa kwa kidole gumba, unaandika, unarudia. Mikono yako ilikuwa ya moto na haikuwa na haraka. Hakuna mtu aliyewahi kunishika hivyo, kama kitu kinachostahili kueleweka. Sikutaka umalize.

Kisha ukapima upya mguu wa kushoto, ukakunja uso, ukapima mara ya tatu.

"Baba, unajua mguu wako wa kushoto ni mfupi kidogo?"

"Mfupi?"

"Kidogo sana. Ndo maana soli ya kulia inaishaga kwanza. Na hata ukitembea inasikika, mie nilikuwa nakujuaga toka mtoto kwamba ni wewe unakuja. Sikujua tu kwa nini."

Miaka hamsini na minane natembea na miguu hii. Nimepanda nayo milima ya Tukuyu, nimekuja nayo mjini, nimesimama nayo siku ya harusi yangu, na siku ulipozaliwa nilizunguka nayo nje ya wodi tangu alfajiri. Hakuna aliyeniambia, na mwenyewe sikujua.

Leo mlipoondoka nilivaa viatu vyangu vya kazini, nikazunguka uani mara tatu, polepole, peke yangu, nikisikiliza.

Ni kweli, mwanangu. Inasikika.

Baba yako,
anayejivunia kupimwa na wewe